Bei ya Umbali: Kimali na Hesabu za Kijiji cha Kaya 250

Kaya 250. Hicho ndicho kipimo kilichowekwa na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ili mahali paandikishwe kuwa kijiji. Chini ya hapo walikuwepo watu, mifugo, mashamba na makaburi ya wazee, lakini kijiji kwa maana ya serikali hakikuwepo. Mkoa wa Simiyu wa leo umejaa vijiji vilivyozaliwa na kipimo hicho, na ukitaka kuelewa kwa nini kisima, darasa au nguzo ya umeme huchelewa kufika mahali kama Kimali, anza na namba hiyo.

Kimali ni jina la kata na pia la tarafa katika Wilaya ya Meatu, wilaya iliyokatwa kutoka Maswa katika miaka ya 1980. Tarafa zake ni tatu: Kimali, Kisesa na Nyalanja. Makao makuu ya wilaya ni Mwanhuzi, na makao ya mkoa ni Bariadi. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulitangazwa mwaka 2012, ukachukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka upande wa Magu, Mwanza. Barabara kuu ya lami ya mkoa huanza Mwigumbi hadi Maswa, kilomita 50.3, Maswa hadi Bariadi, kilomita 49.7, Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8. Jumla ni kilomita 171.8, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia Meatu.

Hesabu nitakazopiga hapa nimezipigia kijiji cha kaya 250, kwa kuwa ndicho kijiji ambacho sheria ilikichora. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa kaya ya Simiyu ilikuwa na wastani wa watu 6.9, wakati wastani wa taifa haukufika watu 5. Kwa hiyo kaya 250 za huku ni watu 1,725. Tushike namba hiyo mkononi.

Kabla ya 1974 watu hawa hawakukaa pamoja. Nchi ya Wasukuma ni ya vilima vidogo vya mawe na mabonde mapana, na udongo hubadilika kadiri unavyoshuka. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi unaolimika hata kwa jembe la mkono, mzuri kwa viazi, karanga na mihogo. Katikati unakuta itogolo, udongo unaoshika maji juu na kuwa mgumu chini, na mahali pengine ibushi, wenye chokaa na rutuba. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, nguvu ya mpunga na malisho ya mwisho ya ng'ombe. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, aliwafundisha wanasayansi wa dunia kusoma udongo kwa kufuata mteremko namna hiyo. Wakulima wa hapa walikuwa wakiusoma hivyo tangu zamani, na walijenga kwa kuufuata. Kila mji ulitaka kipande cha juu na kipande cha chini, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi huokolewa na luseni na mwaka wa ukame huokolewa na mbuga. Nyumba zilitawanyika kwa sababu hiyo, na kwa mkulima utawanyiko ule ulikuwa bima.

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ilihamisha watu wasiopungua milioni 5 nchini kote. Ikaja mistari ya nyumba kando ya barabara na viwanja vilivyopimwa kwa kamba, na mashamba yakabaki kule kule yalikokuwa.

Sasa tupige hesabu ya kwanza. Tuseme shamba liko kilomita 4 kutoka nyumba mpya. Kwenda na kurudi ni kilomita 8. Msimu wa kulima, kupalilia na kuvuna ukichukua siku 100 za shambani, mtu mmoja anatembea kilomita 800. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, hizo ni saa 200, yaani siku 25 za kazi za saa 8. Mume na mke ni siku 50. Ongeza samadi ambayo haibebeki tena kwa mkono hadi huko, na usiku ambao hakuna mtu wa kufukuza ngiri. Serikali ilitaka kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na bomba, na nia hiyo ilikuwa njema. Ila umbali haukufutwa. Ulitolewa kwenye huduma ukawekwa kwenye kilimo, na mkulima ndiye aliyeulipia kwa miguu. Si ajabu kwamba katika miaka ya 1980 familia nyingi za Usukuma zilianza kurudi polepole mashambani. Kijiji kikabaki na jina, ofisi na mwenyekiti, huku kaya zake zikitawanyika tena. Tangu hapo kila huduma imekuwa ikigharimiwa kana kwamba watu wako pamoja, na ikitumiwa na watu walio mbalimbali.

Jambo moja lililovunjika katika uhamisho ule halikuhesabiwa na mtu yeyote wakati huo: ngitili. Hiki ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha kikafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa kitu. Mwenye ngitili akihamishwa, ngitili inabaki bila mlinzi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa katika mkoa wote wa Shinyanga wa wakati ule, Meatu ikiwemo, zilikuwa takribani hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833. Miti mingi ya humo haikupandwa. Iliota yenyewe kutoka kwenye visiki baada ya watu kuruhusiwa kufunga maeneo yao kwa desturi zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria faida ya maeneo hayo kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa, mboga na malisho vilikuwa na thamani kuliko fedha yote iliyopita mkononi mwa mtu wa kawaida. Hakuna mradi mwingine wa mkoa huu ninaoujua uliorudisha mengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Fedha taslimu, lakini, hutoka kwenye pamba. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Historia yake ni ya mizani tangu mwanzo. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na madai makubwa ya wakulima yalikuwa kwamba wanunuzi wanawaibia kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama vya msingi viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na ndani ya miaka michache kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika. Vikarudi kwa sheria ya 1982, wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kuanzia 1994, na mwaka 2018 ununuzi ukarudishwa tena kwenye vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, AMCOS. Mkulima mwenye umri wa miaka 70 ameuza pamba kwa mifumo kadhaa bila kuhama shamba.

Tuiweke pamba kwenye kijiji chetu. Kila kaya ilime ekari 3, kila ekari itoe kilo 250, mavuno ya kawaida kwa mkulima mdogo wa huku. Ni kilo 187,500. Malori ya tani 10 yatakayoibeba ni 19. Kiwandani, karibu theluthi moja ya uzito huo itakuwa nyuzi, sawa na marobota 345 ya kilo 181. Kwa bei elekezi ya mwaka 2024, shilingi 1,150 kwa kilo, kijiji kizima kinapata shilingi 215,625,000. Ni shilingi 862,500 kwa kaya, au 125,000 kwa mtu, kwa mwaka, kabla ya kutoa dawa, mbegu, kibarua na madeni.

Tazama sasa bei inavyoyumba. Mwaka 2019 ilikuwa shilingi 1,200. Mwaka 2020, soko la dunia likiwa limebanwa na UVIKO-19, ilishuka hadi 810. Mwaka 2022 ikapanda hadi 1,560, na 2023 ikaanguka hadi 1,060. Kwa kijiji cha kilo 187,500, anguko la shilingi 500 kati ya 2022 na 2023 ni shilingi 93,750,000 zilizoondoka bila mvua kukosekana na bila mtu kulima kidogo. Kila shilingi moja ya bei ina thamani ya shilingi 187,500 kijijini. Mkutano wa kijiji unaweza kujadili mambo mengi, lakini namba kubwa kuliko zote katika bajeti ya watu wake hupangwa mbali na Simiyu.

Kilicho mikononi mwa mkulima ni ekari yenyewe. Kwa nafasi ya zamani ya sentimita 90 kwa 40, ekari moja hubeba mashimo yapatayo 11,100. Kwa nafasi inayohimizwa sasa, 60 kwa 30, hubeba 22,200. Mashimo yanaongezeka maradufu katika ardhi ile ile. Palizi na mbegu navyo vinaongezeka, na jembe la ng'ombe lililozoea mistari mipana halipiti katikati, kwa hiyo ushauri huu haufai kwa kila mtu. Hata hivyo, kutoka kilo 250 hadi 400 kwa ekari kungeongeza kilo 112,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 129 kwa bei ya 2024. Hiyo inazidi hasara yote ya anguko la 2023.

Niruhusu niseme pia habari ya tembo wanaovamia mashamba, maana Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na aliyekuwa karibu zaidi ndiye aliyepata kidogo zaidi. Ekari ya pamba tuliyoihesabu ina thamani ya shilingi 287,500. Kwa kiwango kile, hata mtu aliyelipwa cha juu kabisa alikuwa amepoteza karibu theluthi mbili ya jasho lake. Kwa mtazamo wangu, huu ni mzigo wa taifa zima uliowekwa mgongoni mwa watu wachache mno.

Maji ndiyo hesabu nzito kuliko zote. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa watu 1,725 hayo ni lita 43,125 kila siku, au madumu 2,156 ya lita 20, kutoka vituo 7. Vituo 7 si vingi. Tatizo ni zile mita 400. Duara la mita 400 kuzunguka kituo kimoja ni nusu kilomita ya mraba tu. Vituo 7 vinafunika kilomita za mraba 3.5. Sasa pima eneo la kijiji. Simiyu ilikuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya 2022, kwenye kilomita za mraba zipatazo 25,212, yaani watu 85 kwa kilomita moja. Watu 1,725 kwa msongamano huo wanakalia kilomita za mraba 20. Vituo vinavyotosha kwa idadi ya watu vinafunika chini ya moja ya tano ya ardhi yao. Ili kila mji uliotawanyika uwe ndani ya mita 400, vituo vingehitajika zaidi ya 40. Kijiji hiki kinaweza kuandikwa kwenye taarifa kuwa kimefikiwa na huduma ya maji, na bado mama akaamka saa kumi alfajiri kutafuta maji, na taarifa ile na mama yule wote wakawa wanasema kweli.

Dumu moja likimchukua mtu saa moja ya kwenda, kusubiri na kurudi, kijiji kinatumia saa 2,156 kwa siku, sawa na siku za kazi 270. Ni zaidi ya mtu mmoja mzima kutoka kila kaya, kila siku, asiyefanya kazi nyingine. Baiskeli, punda na mkokoteni hupunguza hesabu hii kwa wenye navyo. Na bado sijagusa mifugo. Ng'ombe mmoja kwenye joto la Oktoba anahitaji lita 30 hadi 40. Ng'ombe watano kwa kaya, idadi ambayo Msukuma ataiona ndogo, ni ng'ombe 1,250 na lita 37,500 nyingine. Lambo likikauka mwezi wa nane, ng'ombe na watu wanagombea kisima kimoja.

Jibu kubwa la serikali ni kuyaleta maji ya Ziwa Victoria. Mradi wa Simiyu, ulioidhinishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kwa ushirikiano na Ujerumani, una thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 400 kwa karibu watu laki 5. Ni zaidi ya shilingi 800,000 kwa kichwa, karibu mapato ya pamba ya kaya nzima kwa mwaka. Awamu ya kwanza ilipangiwa Busega, Bariadi na Itilima. Maswa na Meatu zinafuata. Mpangilio huo umefuata bomba, kwa maana aliye mbali na ziwa hufikiwa mwisho.

Wakati bomba likisubiriwa, kuna hesabu ndogo ambayo kamati ya shule yoyote inaweza kuipiga kwa chaki. Mtoto mmoja kati ya kila watu watano akiwa wa umri wa shule ya msingi, kijiji kina wanafunzi 345. Kwa wanafunzi 45 kwa darasa, ni madarasa 8. Bati la darasa moja la mita 9 kwa 7 linafunika mita za mraba 63. Manane ni 504. Mvua ya milimita 700 kwa mwaka, tukitoa moja ya tano inayopotea, inaacha lita 282,000 kwenye mifereji ya bati. Kwa lita 5 kwa mwanafunzi kwa siku, hayo ni maji ya siku 163, na mwaka wa shule una siku 194. Matangi hayahitaji kubeba yote kwa pamoja, kwa kuwa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei na shule zikiwa wazi muda mwingi wa kipindi hicho. Mabati ya shule nyingi yameshalipiwa. Kinachokosekana ni mifereji na tangi.

Madarasa yenyewe nayo yana bei inayojulikana. Mwaka 2021, fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini, kila moja lilitengewa shilingi milioni 20. Manane ni milioni 160. Lakini kijiji hakisimami. Kati ya 2012 na 2022 Simiyu ilikua kutoka watu 1,584,157 hadi 2,140,497, wastani wa asilimia 3 kwa mwaka. Wanafunzi 345 wanaongezeka 10 kila mwaka, kwa hiyo kila baada ya miaka minne na kidogo kijiji kinahitaji darasa jipya ili kibaki pale pale kilipo. Ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye pamba ya kijiji chetu ni shilingi 6,468,750 kwa mwaka, na unakwenda halmashauri. Hata kama ungerudi wote kijijini, kwa miaka minne ungekuwa milioni 26. Unajenga darasa moja, unabaki na milioni 6 za madawati, choo na nyumba ya mwalimu. Kwa zahanati, utaratibu uliozoeleka ni wananchi kuinua boma kwa michango na nguvu zao, kisha serikali kuleta shilingi milioni 50 za kumalizia. Kijiji kilichovuna vibaya hakiinui boma, na kisichoinua boma hakipati zile milioni 50.

Barabara ni habari ya daraja lingine kabisa. Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara 7 zenye kilomita 2,035 kwa shilingi trilioni 3.7, mmoja wake ukiwa wa kilomita 389 kutoka Karatu kupitia Mbulu, Haydom na Mto Sibiti hadi Lalago na Maswa, unaopita Meatu. Ni zaidi ya shilingi bilioni 1.8 kwa kilomita. Kilomita moja ya lami ni madarasa 90. Umeme unaonekana rahisi, kwa kuwa ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000 tu, lakini ada hiyo ni ya aliye jirani na nguzo. Vijiji vyote zaidi ya 12,000 vya nchi vimeshahesabiwa kuwa na umeme, na kazi imehamia kwenye vitongoji, zaidi ya 60,000, ambako ndiko watu waliko hasa.

Baki na hesabu moja ya mwisho, ya ardhi. Kilomita za mraba 20 ni karibu ekari 5,000. Gawa kwa kaya 250: ekari 20 kwa kaya, ukijumlisha humo mawe, njia, mito, makaburi, malisho na shule. Kiwango halisi ni kidogo zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya Meatu ni hifadhi. Kwa ukuaji wa asilimia 3, watu huongezeka maradufu kila miaka 23. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atafikisha miaka 30 katika kijiji cha kaya 500 na ekari 10 kwa kaya, huku shamba la pamba, chakula, ng'ombe na ngitili vikitakiwa kutoka humo humo. Kaya 500 zinatosha vijiji viwili, na viongozi wataombwa kugawa: ofisi mbili, watendaji wawili, mipaka mipya, ardhi ile ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi na kutenga eneo la pamoja kabla halijagawiwa mtu mmoja mmoja. Ngitili za kijiji na njia za mifugo zinapaswa kuchorwa kwenye ramani hiyo sasa, wakati ekari bado ni 20.